Nyumba yako, jua na upepo: majibu kwa wasomaji

Nimeezeka bati jipya hapa Mbagala, na kuanzia saa sita mchana ndani hakukaliki. Ninunue kiyoyozi?

Subiri kwanza, dada. Saa nane mchana panda juu ya meza, uguse silingi bodi kwa kiganja. Ikiwa ya moto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa, adui yako yuko juu ya kichwa, na kiyoyozi kitashindana naye kutwa nzima kwa Luku yako. Hewa iliyo kati ya bati na silingi haina pa kutokea. Mwambie fundi aache matundu chini ya upenu pande zote mbili, na mengine juu kabisa, karibu na kilele cha paa, ili hewa ya moto itoke na nyingine iingie. Ayafunike kwa wavu mgumu, popo wasihamie. Kisha paka bati rangi nyeupe. Maruni na kijivu kilichokoza ndizo zinazopendwa siku hizi, nazo humeza jua. Ukimaliza hayo, pangaboi huenda likakutosha.

Kiwanja changu cha Kibaha kinatazama magharibi. Vyumba niviweke wapi?

Hapa ndipo ninapovutana sana na wateja, kwa sababu kila mtu anataka sebule itazame barabara. Huku kwetu jua la mchana ni la utosini, upenu mpana unalizuia. Jua la asubuhi na la alasiri ndilo linalopita chini ya upenu na kuchoma kuta za mashariki na magharibi. Kwa hiyo kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, hata kama mlango mkubwa utakuwa ubavuni. Magharibi weka stoo, choo, na mwarobaini nje.

Halafu upepo: kusi hutoka kusini mashariki, kaskazi kaskazini mashariki. Kila chumba cha kulala kipate madirisha kwenye kuta mbili, maana upepo usio na pa kutokea hauingii. Na yale madirisha ya aluminiamu ya kusukuma hufunguka nusu tu. Umelipia dirisha zima, unapata hewa ya nusu. Chagua ya bawaba.

Nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, zina ubaridi. Nami nijenge kuta nene?

Peke yake haitoshi. Kuta zile za mawe na chokaa huchelewesha joto, lakini zinasaidiwa na ua wa ndani, dari refu na vichochoro vyenye kivuli. Ukuta mnene uliopigwa na jua mchana utakurudishia joto usiku ukiwa umelala.

Niko Njombe. Shida yangu mimi ni baridi!

Mwezi wa Juni jua lenu liko kaskazini, basi madirisha makubwa ya sebule yaelekee huko, ya kusini yawe madogo. Jenga kwa tofali za kuchoma, weka silingi, ziba uwazi chini ya mlango. Na tafadhali, jiko la mkaa lisiingie chumbani wakati wa kulala. Hewa yake ya sumu haina harufu, hutaisikia.