Tairi la mbele kwanza: ushauri kwa mwenye pikipiki ya kila siku

Simama kwa fundi pancha yeyote pale Msamvu, Morogoro, uangalie pikipiki zinazosubiri. Nyuma utakuta tairi jipya au lenye hali nzuri. Mbele utakuta tairi lililokakamaa, rangi imepauka, limeanza kuchanika nyufa ndogondogo kwenye mistari. Ukimuuliza mwenyewe atakujibu bila wasiwasi: "Hilo bado zima, si unaona lina meno?"

Naelewa linakotoka jibu hilo. Tairi la nyuma ndilo linalovutwa na cheni na ndilo linalobeba abiria na mzigo, kwa hiyo linaisha haraka na kila mtu anaona linavyoisha. La mbele haliishi, linazeeka. Mpira ukishakuwa mgumu haushiki tena lami, hasa lami yenye maji, hata kama meno yapo. Tena ukishika breki uzito mwingi unakimbilia mbele, kwa hiyo sehemu kubwa ya kusimama inafanywa na gurudumu la mbele. Nyuma ikiteleza, mara nyingi unawahi kuirudisha. Mbele ikiteleza unajikuta chini kabla hujajua kimetokea nini. Ndiyo maana kila ninapoulizwa na mtu mwenye hela ya tairi moja tu, na yote mawili yamechoka, namwambia aanze na la mbele. Wengi hawanielewi.

Mimi si bodaboda. Pikipiki yangu ni ya cc 150, ya kwendea kazini na kurudi, na wikiendi kupanda nyumbani Mgeta kupitia Mlali. Kwa hiyo naendesha lami tambarare, kisha vumbi, kisha kona za milimani zenye udongo mwekundu ambao masika ikianza unateleza vibaya. Ninayoandika hapa yanatokana na njia hiyo. Wewe wa Dodoma kwenye miiba au wa Kariakoo kwenye foleni utapunguza na kuongeza.

Kwanza jifunze kusoma ubavu wa tairi, maana wauzaji wengi hawatakusomea. Pikipiki nyingi za kawaida za cc 100 hadi 150 zinatumia 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, nyingine, hasa baadhi ya Wachina, ni ringi 18. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Baada ya hapo utaona kitu kama 50P. Hiyo 50 si kilo 50, ni namba ya jedwali, na maana yake ni kwamba tairi linahimili kilo 190. 41 ni kilo 145. P ni mwendo wa juu, kilomita 150 kwa saa, ambao pikipiki zetu hazifiki, kwa hiyo usijali.

Sasa piga hesabu. Pikipiki yenyewe ina karibu kilo 120, wewe kilo 70, halafu unafunga gunia la viazi la kilo 100 kwenye keria. Sehemu kubwa ya huo uzito inakaa nyuma ya kiti, na tairi la nyuma linajikuta limebeba zaidi ya kilo 200. Tairi la kilo 190 limeshazidiwa kabla hujafika kwenye shimo la kwanza. Anayebeba mizigo kila siku atafute tairi lenye namba kubwa zaidi ya hiyo 50, na aangalie pia palipoandikwa 6PR, yaani tairi lenye uimara wa tabaka sita za nyuzi. Anayebeba mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, sina ushauri naye.

Halafu tafuta tarehe. Kuna kiduara kirefu chenye tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. Ukiona 0924, tairi limetengenezwa wiki ya 9 ya mwaka 2024. Duka likiwa na matairi yaliyotundikwa nje kama mapambo, yakipigwa jua mwaka mzima, mimi siyanunui hata yakishushwa bei, naomba la ndani. Tairi likiwa limeshafikisha miaka mitano tangu litoke kiwandani, acha. Bonyeza kwa ukucha: mpira mzuri unakubali kidogo kisha unarudi.

Kuhusu meno, hapa ndipo watu wanapodanganyika. Kijana anayeendesha Kihonda hadi mjini, lami tupu, ananunua tairi la kashata, lile la vibonge vikubwa vilivyoachana, kwa sababu linaonekana la kazi. Kwenye lami kashata inakanyaga kwa vichwa vya vibonge tu. Eneo linalogusa barabara ni dogo, inatetemesha usukani, inaisha katikati haraka, na ukishika breki kwenye lami yenye maji inakuchukua mbali kabla haijasimama. Kashata ni ya tope na kokoto. Na hata kwenye tope, angalia nafasi kati ya kibonge na kibonge. Udongo wetu wa mfinyanzi ukikuta nafasi finyu unajazana humo, na baada ya mita chache una tairi laini kabisa lililopakwa udongo. Nafasi pana ndiyo inayotupa tope nje gurudumu likizunguka.

Lile la mistari mirefu inayozunguka tairi zima, ambalo pikipiki nyingi huja nalo mbele kutoka dukani, ni zuri sana kwenye lami. Linafuata usukani kwa utulivu na linakata maji. Kwenye tope halina msaada, maana hakuna kitu cha kushika pembeni. Kwa njia mchanganyiko kama yangu nimeridhika na tairi la mbele la vibonge vifupi vilivyokaribiana katikati na kuachana pembeni, na nyuma la aina hiyohiyo lenye meno marefu kidogo. Linaishia kuwa wastani kote, lami na vumbi, na wastani ndio ninaohitaji.

Kuna na fasheni ya kupachika tairi nene nyuma, 3.50 kwenye rimu ya 3.00, ili pikipiki ijae. Rimu nyembamba inalibana tairi, linavimba katikati kama kifua cha jogoo, na kwenye kona unakanyagia mgongo tu. Baadhi yanasugua hadi boksi la cheni. Kaa na saizi iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki.

Ukinunua tairi jipya nunua na tyubu mpya ya saizi ileile. Tyubu ya zamani imeshatanuka. Ukiirudisha ndani ya tairi jipya inajikunja mahali, na pale ilipojikunja ndipo itakapotobokea. Kwa rimu za spoku mwambie fundi akuonyeshe ule mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku. Ukiwa umeoza, pancha zako zitatokea ndani na utailaumu misumari ya barabarani bure.

Kaa hapohapo wakati anafunga. Kwanza mshale ubavuni ufuate gurudumu linavyozunguka. Pili, karibu na ukingo wa rimu kuna mstari mwembamba unaozunguka tairi. Ukishajazwa upepo uwe umbali sawa na rimu pande zote. Ukipotea upande mmoja, tairi halijakaa, na pikipiki itakuwa inadunda hata kwenye lami nzuri. Dawa yake ni kutoa upepo, kupaka maji ya sabuni ukingoni, kujaza tena. Tatu, ile nati ndogo ya kwenye vali isikazwe ikagandamizwa kwenye rimu. Iache juu karibu na kifuniko. Mafundi wengi watakubishia. Sababu ni hii: upepo ukiwa mdogo tairi linatambaa kidogo kidogo juu ya rimu kila unaposhika breki au kuvuta mafuta, na linaiburuta tyubu. Nati ikiwa huru, vali inaanza kulala upande, nawe unaiona asubuhi kabla ya kuondoka. Ikiwa imekazwa, vali inabaki imesimama wima huku shina lake likichanika ndani, na siku likikatika upepo wote unatoka kwa mkupuo. Kwa hiyo vali iliyolala si ya kuinyoosha kwa mkono na kwenda zako. Toa upepo, rudisha tyubu mahali pake, jaza sawasawa.

Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani juu yake. Kilomita 100 za kwanza endesha kwa adabu, usilaze pikipiki kwenye kona.

Upepo ndio matengenezo ya bei rahisi kuliko yote na ndiyo yanayopuuzwa. Vitabu vya pikipiki za saizi hii hutaja kama PSI 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako au 32 ukiwa na abiria. Angalia cha kwako. Kipimo cha kidole gumba hakifai, maana ubavu wa tairi lenye mzigo ni mgumu hata likiwa na 18. Nunua geji yako ndogo, pima asubuhi tairi likiwa baridi, kwa sababu likishapata moto upepo unapanda na geji itakudanganya. Ukikuta umepungua kila wiki, chovya kidole mate upake mdomo wa vali. Povu likitoka, ni sindano ya vali tu, unaibadilisha kwa hela ya soda. Wapo wanaopunguza upepo ili kupita kwenye tope. Kwa tairi la tyubu punguza kidogo sana, na ujaze tena ukishavuka, la sivyo ni yaleyale ya vali kulala.

Mengine ya pikipiki nayapitia haraka. Oili: tumia ya pikipiki, iliyoandikwa JASO MA kwenye kopo, kwa kawaida 20W-50 kwa joto letu. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na baadhi ya oili za gari zina viungo vya kulainisha vinavyoifanya iteleze: unavuta mafuta, injini inalia, mwendo hauongezeki. Pima ikiwa imesimama wima, si imeegemea stendi ya pembeni. Kama unapanda milima kwa gia ndogo na vumbi jingi, usingoje kilomita zilizoandikwa kitabuni, badilisha mapema. Chujio la hewa lisafishwe, lisitolewe. Kuna mafundi wanalitoa "ipumue vizuri", halafu vumbi la barabara linasaga silinda.

Cheni isafishwe kwa mafuta ya taa na brashi, ikaushwe, ipakwe oili upande wa ndani unaogusa sproketi. Ukikaza, zungusha gurudumu kwanza utafute pale inapobana zaidi, kwa sababu cheni iliyochakaa haivutiki sawasawa. Pimia hapo, iache icheze sentimita mbili hadi tatu katikati. Cheni iliyokazwa kama waya wa gitaa inaua beringi ya gia boksi. Alama za pande mbili za fimbo ya nyuma zilingane, kama hazilingani gurudumu linakaa upande na tairi lako jipya linaliwa upande mmoja.

Na breki. Kutoka Mgeta kuja Mlali ni mteremko mrefu wa kona, na kila wikiendi napitwa na vijana waliozima injini au kuweka fri ili kubana mafuta. Mafuta wanayookoa hayafiki nusu lita. Wakati huo breki za ngoma zinapata moto, zinaanza kukataa, na injini ambayo ingewashika haipo. Teremka na gia ya pili au ya tatu, acha mkono wa mafuta, injini ifanye kazi ya kushikilia, breki uzitumie kwa vipindi. Breki ya mbele itumike pia. Kuna imani kwamba breki ya mbele inaangusha. Ikifinywa taratibu, pikipiki ikiwa imenyooka, ndiyo inayokusimamisha. Inayoangusha ni ile ya kushtukia katikati ya kona yenye kokoto, na ile inayofungwa juu ya tairi lililokakamaa.

Bei ya tairi la mbele zuri haiachani sana na kujaza tenki mara mbili, na ukilitunza upepo linakaa muda mrefu. Ukienda dukani taja saizi na namba ya uzito, omba kuona tarehe kabla ya kuulizia bei, na udai risiti. Muuzaji akikuuliza unataka la nyuma au la mbele, mwambie la mbele, halafu umsikilize atakavyokushangaa.