Jibu: Ushuru wa kodi ya nyumba na amana ya mpangaji

Ndugu, umeuliza kama ushuru wa nyumba yako ya kupangisha ya mtaa wa Umoja, Nairobi, hukokotolewa baada ya kuondoa gharama za ukarabati na riba ya mkopo. La hasha: tangu Januari 2024, Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) hutoza asilimia 7.5 ya kodi yote ya nyumba unayopokea kwa mpangaji, mradi jumla yake kwa mwaka iwe kati ya shilingi 288,000 na milioni 15, na malipo hufanywa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Amana, nakusihi, usiiguse, kwani ni fedha za mpangaji. Kabla hajaingiza vyombo, kagueni pamoja kila chumba, mkiandika ufa wa sinki, kitasa kilicholegea na usomaji wa mita ya maji, kisha nyote wawili mtie sahihi.