Ratili ya Baghdad si ratili yetu

SWALI: Wahariri, salaam. Nimepata mapishi ya harisa, ngano na nyama zilizopondwa pamoja kama bokoboko, kutoka kitabu cha al-Baghdadi, mwandishi wa Baghdad, cha mwaka 1226: nyama ya mafuta ratili 6, ngano ratili 4. Nilipunguza vipimo nikapika, ikatoka chengachenga na nyama imejitenga. Je, ratili yake ndiyo hii yetu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Siyo hii, ila siyo iliyokuharibia chungu. Ratili ya pwani ni wakia 16, karibu gramu 450. Ya Baghdad ilikuwa wakia 12, kiasi cha gramu 400. Maadamu nyama na ngano zote zimepimwa kwa ratili, uwiano ni uleule, 3 kwa 2: kwa nyumba moja, nyama gramu 600 na ngano gramu 400. Jihadhari na mapishi yanayochanganya ratili na wakia. Ukihesabu wakia 16 kwa ratili, viungo vitapungua kwa robo nzima.

Kosa lako tunalitafuta kwenye ngano na kwenye mwiko. Al-Baghdadi anataka ngano iliyokobolewa, ikavunjwa, ikaoshwa. Yenye ganda hata ikeshe motoni haiachii wanga wake, na hizo ndizo chenga zako. Nyama ikate vipande virefu, ichemshe mpaka ikaribie kuiva, itoe, iondoe mifupa, ichambue nyuzinyuzi, uirudishe kwenye supu yake ndipo utie ngano. Ikiingia mabonge haishikani.

Yeye anakoroga mfululizo mpaka robo ya kwanza ya usiku ipite, anatia kuku wa vipande vinne na magome ya mdalasini, anaacha hadi usiku wa manane, kisha anaiponda barabara mpaka iwe laini na kushikana. Mpishi wa bokoboko anaijua kazi hii: mkono ukichoka mapema, nyuzi zinabaki nyuzi. Ikikaza, ongeza maji ya moto, anasema mwenyewe. Ya baridi yanakata mchemko. Alfajiri inakorogwa tena na kuepuliwa. Juu yake humiminwa mafuta ya mkia wa kondoo, kisha bizari nyembamba na mdalasini, kila kimoja kimesagwa peke yake. Anasema tanuri inaishinda meko, nasi tunakubaliana naye: moto wa tanuri unazunguka chungu chote, chini hakuungui.

SWALI: Hivi watunzi wa vitabu hivi vya mapishi vya kale walikuwa wapishi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Wawili mashuhuri wa Baghdad walikuwa watu wa kalamu, na majina yao yanasema. Ibn Sayyar al-Warraq, wa karne ya 10, alikusanya sura 132, zikiwemo sahani za Ibrahim ibn al-Mahdi, nduguye khalifa Harun al-Rashid kwa baba. Warraq ni mnakili na muuza vitabu. Al-Baghdadi naye aliitwa al-Katib, na neno hilo mnalijua: katibu. Katika utangulizi wake anataja starehe sita za dunia na kuweka chakula mbele ya zote.

Ndiyo maana vipimo vya maji ni nadra: waliwaandikia wenye mpishi anayejua. Kwenye sikbaj, mchuzi wa nyama na siki, al-Baghdadi anasema tu uchanganye siki na asali, au asali ya tende, mpaka ladha ikae katikati ya ukali na utamu. Changanya kwenye bakuli, onja, ndipo umimine. Siki ikishaingia chunguni haitoki.