Takwimu zilezile, maneno tofauti, watu wanagawanyika
Hapana, si kweli kwamba kichwa cha habari hakibadilishi kitu mradi takwimu ni zilezile. Wanasaikolojia Tversky na Kahneman walipima hilo 1981 kwa mfano wa kubuni, watu 600 wako hatarini kufa kwa ugonjwa, mpango wa kupambana nao ukielezwa kwamba utaokoa 200 kwa uhakika 72% wakaukubali, ukielezwa kwamba 400 watakufa wakabaki 22% tu, na hesabu ni ileile kabisa! Mitandaoni ndo inazidi, utafiti wa 2021 wa posti milioni 2.7 za Facebook na Twitter za Marekani ulikuta kila neno linalotaja kambi pinzani ya kisiasa linaongeza uwezekano wa posti kusheawa kwa kama 67%. Ila mtu akisikia jambo likielezwa kwa pande zote mbili, athari ya maneno yaliyochaguliwa inapungua sana.