Jibu: Laptop ya zamani haina HDMI (tundu la kupitisha picha na sauti kwa waya mmoja), nitaiunga vipi na TV ya flat?

Ndugu yangu wa Shela, usiiuze bado hiyo laptop. Lile tundu la bluu la ubavuni lenye vishimo 15 ndio VGA, ukiona TV nayo ina kama hilo nyuma, limeandikwa PC, waya mmoja wamaliza kazi, ila VGA yapeleka picha tu sauti haipiti, so chukua waya mwengine utoke tundu la hedfoni uende kwa TV ama spika. Mie hapa Langoni nilihangaika jioni nzima nikidhani TV imekufa sauti, kumbe! Kama TV ina HDMI peke yake tafuta adapta ya VGA kwenda HDMI, yenye kawaya ka USB ka kuvuta stima. Ukishachomeka badilisha source ya TV iwe lile tundu ulilochomeka, halafu kwa laptop bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Duplicate, picha ya laptop itokee na kwa TV.