Umati, Uso Uliofunikwa na Anayetoa Amri: Maswali na Majibu

Je, ni kweli mtu akifunikwa uso anageuka mnyama? (Msomaji, Kayole)

Kufunikwa peke yake hakutoshi. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani, Johnson na Downing, waliwavisha wanawake kanzu zinazofanana na za Ku Klux Klan, kundi katili la wabaguzi weupe wa Marekani, na wengine sare za wauguzi. Kila mmoja aliamua mtu akikosea apigwe umeme kiasi gani. Wenye kanzu walielekea kuongeza kidogo. Wenye sare za wauguzi walipunguza, na walipofichwa majina wakapunguza zaidi. Kufichika humwondolea mtu hofu ya kutambuliwa. Atendalo baada ya hapo hufuata kile kikundi kinachotarajia kwake.

Basi kiongozi ana uzito gani? (Msomaji, Mathare)

Mkubwa kuliko tunavyopenda kukiri. Katika majaribio ya Stanley Milgram yaliyoanza 1961 katika Chuo Kikuu cha Yale, wanaume 26 kati ya 40 walitii amri ya msimamizi ya kumpiga mtu umeme hadi volti 450, wakiamini mtu wa chumba cha pili anaumia. (Alikuwa mwigizaji, hakupigwa umeme.) Kilichovunja utiifu ndicho cha kuzingatia. Msimamizi alipotoka chumbani akaamuru kwa simu, waliofika mwisho walipungua hadi takriban mmoja kwa watano. Wenzao wawili walipokataa mbele yao, waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Natamani kila kijana wa mtaani aijue hiyo 4 kabla ya uchaguzi wa 2027.

Na jaribio la gereza la Stanford? (Msomaji, Buruburu)

Usilitegemee. Vijana waligawanywa wakaigiza walinzi na wafungwa. Lilipangiwa wiki mbili mwaka 1971, likakatizwa baada ya siku 6. Rekodi zilizochunguzwa baadaye zinaonyesha walinzi walihimizwa wawe wakali.

Ghasia za 2007, tulaumu umati au wakubwa? (Msomaji, Kibera)

Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo za baada ya uchaguzi wa Kenya, ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi. Ilibaini kwamba kwingine ghasia zilizuka zenyewe, kwingine zilipangwa. Kwa hiyo anayesema "ni hasira za wananchi tu" anawakinga waliopanga na waliofyatua.

Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, Jedwali la Sita, inagusa mambo yote mawili: askari mwenye sare avae jina au namba ya utumishi inayoonekana, na amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Ukimwona askari asiye na namba akidhulumu watu, andika saa, mahali na namba ya gari, kisha upeleke malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi.

Umati ukimzunguka mshukiwa wa wizi hapa steji, nifanye nini? (Msomaji, Githurai)

Piga 999 au 112 mara moja, kwa kuwa muda ni mfupi mno. Usiuhutubie umati, haukusikii. Tafuta unaowajua uwaite kwa majina: "Baba Kevin, Mama Njeri, tumpeleke kituoni." Aliyeitwa kwa jina anajua ametambulika. Halafu mfuate mwenyekiti wa steji, maana vijana wa bodaboda humsikiza yeye kuliko mpita njia, na kimya chake wanakichukua kuwa ruhusa. Usijitokeze peke yako: atakayemtetea mshukiwa akiwa mmoja huitwa mwenzake, naye akapigwa. Pata wawili au watatu kwanza. Petroli au tairi ikishaletwa, kaa kando, uwaelekeze polisi na ukumbuke nani aliamuru.