Kipambe Kihariri Chako, Usione Haya

Juzi msomaji aliona picha ya skrini yangu akaniandikia: "Kaka, hiyo ni programu gani? Mbona yangu haivutii hivyo?" Ni VS Code ileile aliyo nayo yeye, kihariri cha kuandikia programu, ya bure, ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2015. Yangu nimeishughulikia tu.

Ujumbe ule ulinikuna kuliko ulivyostahili. Katika ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi, mkubwa wangu alinikuta nachagua rangi, akatangaza mbele ya wote: "Huyu halipwi kuandika programu, analipwa kupaka wanja." Kicheko hicho! Jina la Bwana Wanja likaniganda mpaka naondoka. Waliocheka wenyewe walishinda wamekodolea herufi za kutafutwa kwa tochi, jioni wanalalamika kichwa kinagonga.

Haya, rangi kwanza. Bonyeza Ctrl na K, kisha Ctrl na T. Orodha ya thimu, yaani seti za rangi za skrini, inafunguka, na kila ukishusha mshale skrini inabadilika hapohapo. Usiku natumia Dracula, aliyoianzisha Mbrazili Zeno Rocha. Mchana, jua la Dar likipiga dirishani, skrini nyeusi inageuka kioo, unajitazama sura badala ya msimbo. Hapo nahamia Solarized ya Ethan Schoonover, ile yenye weupe wa karatasi kuukuu. Ukiwasha window.autoDetectColorScheme kwenye mipangilio, kihariri kitafuata chenyewe kompyuta inapobadili kati ya mwanga na giza. Wanaohubiri kwamba mjuzi hutumia nyeusi tu, waache na mahubiri yao.

Fonti, yaani umbo la herufi, ndiyo wengi wanaidharau. JetBrains Mono ni ya bure, na sifuri yake huwezi kuidhania O, wala moja kuidhania l. Isakinishe kwenye kompyuta kwanza, ndipo uandike jina lake kwenye mipangilio. Ukubwa, panda kutoka 14 hadi 16. Wapo wanaopenda alama ziungane, => iwe mshale mmoja; mimi nimezima, nataka kuona nilichoandika. Ile ramani ndogo ya pembeni, inayoonyesha faili zima kwa udogo, nayo nimeiondoa.

Vijana wenzangu, unakaa mbele ya kitu kutwa nzima halafu unaona aibu kukipendezesha? Nani kakwambia kazi lazima ichukize ndipo iwe kazi? Jiheshimuni.

Ninalojivunia zaidi ni hili. Kila mradi unaogusa data halisi za wateja nauwekea faili lake la mipangilio, settings.json, ndani ya folda ya .vscode, na chini ya workbench.colorCustomizations naandika statusBar.background iwe nyekundu. Ule mstari wa chini ukiwaka, vidole vinapunguza mwendo kabla sijafuta chochote. Miradi ya majaribio ni ya kijani. Mkubwa yule hili sikumweleza. Angeuliza wanja mwekundu unauzwa wapi.